Kamera ya mlangoni: Mlinzi usiyemjua anaposhika ufunguo

KATIKA malango ya nyumba nyingi za Kigali siku hizi, juu kidogo ya kengele, utaona kijicho cheusi cha kamera. Mwenye nyumba akiwa ofisini, au hata safarini nje ya nchi, hufungua simu yake ya mkononi akamwona anayebisha hodi na kuzungumza naye.

Ni maendeleo mazuri, wala sina nia ya kuyabeza. Lakini mara nyingi nimewasikia wazazi wa wanafunzi wangu wakisema kuwa kamera waliyoletewa na ndugu zao kutoka Marekani au Ulaya ni ya kuaminika kwa sababu imetengenezwa na kampuni yenye jina kubwa. Swali la kujiuliza ni hili: je, ukubwa wa jina unatosha kumkabidhi mtu ulinzi wa nyumba yako?

Kwanza tuelewe kifaa chenyewe. Kamera za zamani zilirekodi kwenye mashine iliyokuwa ndani ya nyumba. Nyingi za sasa hupeleka picha kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, mara nyingi ng'ambo, ndipo picha hizo zirudi kwenye simu yako. Kwa hiyo anayenunua kamera ya aina hii ameajiri pia mlinzi asiyemjua, tena mlinzi mwenye uwezo wa kuona kila anachokiona mwenye nyumba.

Mfano mzuri ni Ring, kampuni ya Marekani inayotengeneza kengele zenye kamera, ambayo ilinunuliwa na Amazon mwaka 2018. Mwezi Mei 2023, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliishitaki Ring kwa kushindwa kulinda faragha ya wateja wake.

Kwa mujibu wa mashitaka hayo, kabla ya kununuliwa na Amazon, kampuni iliwaruhusu wafanyakazi wake wote, pamoja na mamia ya vibarua wa nje walioko Ukraine, kuzifikia picha za wateja. Mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya picha za wanawake zilizochukuliwa na kamera za vyumba vya kulala na bafu. Aligunduliwa na mfanyakazi mwenzake, siyo na mtambo wowote wa kampuni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aidha, FTC ilisema kuwa kati ya mwaka 2019 na 2020 wahalifu wa mtandao waliingilia akaunti za wateja wapatao 55,000 nchini Marekani. Katika jimbo la Mississippi, Desemba 2019, mtoto wa kike wa miaka minane alisikia sauti ya mwanamume ikimsemesha kupitia kamera ambayo wazazi wake waliiweka chumbani ili kumlinda.

Ring ilikana madai ya FTC, ikasema kasoro zilikuwa zimekwisha kurekebishwa. Hata hivyo ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Mwaka 2024 wateja wapatao 117,000 walirudishiwa fedha, kwa wastani dola 48 hivi kila mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa fidia ya faragha ya chumbani.

Google nayo haikusalimika. Mwaka 2019 ilibainika kuwa kifaa chake cha ulinzi, Nest Secure, kilikuwa na maikrofoni ambayo wanunuzi hawakuelezwa. Google ilisema ni makosa ya kutoitaja kwenye maelezo ya kifaa, na kwamba haikuwa imewashwa. Kisha mwaka 2020 iliacha kukiuza, na Aprili 2024 ikakikatia huduma ya intaneti. Mfumo uliouzwa kwa dola 499 mwaka 2017 ukawa hauwezi tena kuongozwa kwa simu, ingawa haukuwa umeharibika.

Tarehe 20 Oktoba 2025, hitilafu ilipozikumba kompyuta za Amazon zilizoko Virginia, kengele za Ring zilikuwa miongoni mwa vitu vingi vilivyokwama. Mlango uko kwako, lakini mtambo unaouangalia uko bara jingine.

Ikumbukwe pia kuwa kampuni ndogo si lazima ziwe na nafuu. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vifaa vingine vya bei rahisi, kwa sababu tu vilikuwa bado vinatumia nywila za kiwandani. Kampuni kubwa zina wahandisi na fedha za kuziba nyufa. Ring yenyewe ililazimisha uthibitisho wa hatua mbili mwaka 2020, baada ya kelele za umma. Tatizo ni kwamba ilihitaji kelele hizo kwanza.

Mimi nilikulia uhamishoni na kusomea Karagwe, Tanzania. Huko kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, ambaye alijua hata mgeni aliyelala kwako jana. Alijua mengi ya watu, lakini watu nao walimjua yeye, nyumba yake na wanawe. Akivuka mpaka, aliulizwa kikaoni mbele ya majirani zake. Irondo letu hapa Rwanda, ile doria ya usiku ya umudugudu, linaaminika kwa sababu hiyo hiyo: anayetulinda tunaweza kumhoji.

Kampuni iliyoko ng'ambo haiji kwenye kikao cha umudugudu, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Kinachobaki ni sheria. Rwanda inayo Sheria Na. 058/2021 ya kulinda taarifa binafsi, inayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022, Kenya na Uganda mwaka 2019. Lakini sheria haina nguvu kama mwananchi hajui kuwa ana haki ya kuuliza picha zake ziko wapi na nani anaziona.

Kwa hiyo ndugu msomaji, nunua kamera ukipenda, ila mpe mlinzi huyu kazi ya langoni tu. Chumba cha kulala, bafu na chumba cha watoto visiwe na kamera hata moja. Usiielekeze kwenye ua wa jirani. Mtumishi wa nyumbani na mpangaji waambie iko wapi. Nao ni watu wenye heshima yao.

Badili nywila ya kiwandani siku hiyo hiyo, na usitumie ile unayotumia kwenye barua pepe. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kama inawezekana, chagua kamera inayohifadhi picha kwenye kadi iliyoko nyumbani kwako. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji: kampuni ikifunga huduma kesho, kifaa hiki kitaendelea kufanya kazi? Akishindwa kujibu, rudisha pochi mfukoni.

Nyumba ni mahali pekee ambapo maskini na tajiri wote wana haki ya kutoonekana. Wengi wetu tulioishi miaka mingi kwenye ardhi ya watu tunajua thamani ya kufunga mlango wako mwenyewe ukawa peke yako na wanao. Haki hiyo haifai kutolewa kwa kubonyeza neno "nakubali" chini ya mkataba ambao hatujausoma.