Kokwa za Fenesi Zisitupwe

Asili ya mfenesi ni misitu ya milima ya magharibi mwa Bara Hindi, lakini umezoea sana Unguja, Pemba na Muheza. Matunda yake hutoka katika shina na matawi manene, kwani fenesi moja laweza kupita kilo 30. Kabla ya kulipasua, paka kisu na mikono mafuta, maana ulimbo wake hunata mno.

Wengi hula nyama tamu wakatupa kokwa. Hiyo ni hasara. Fenesi kubwa lina kokwa 100 na zaidi, zenye wanga na protini. Zikiwa mbichi hazifai. Zichemshe kwa chumvi hata zilainike, au uzichome, kisha uzimenye. Basi, atupaye kokwa ametupa mlo wa pili.