Kufundisha Habari za Mafuta Yaliyomwagika Ardhini

Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa kama mafuta hupitisha umeme, hujibu kuwa hayapitishi. Jibu hilo ni sahihi, lakini mwalimu akiishia hapo atakuwa amefundisha nusu ya somo. Mafuta yakikaa ardhini miaka mingi hubadilisha udongo wenyewe, na mahali palipozuia umeme huweza kuupitisha.

Mfano uliochunguzwa sana uko karibu na mji wa Bemidji, Marekani. Mwezi Agosti 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka huko, zikamwagika lita zipatazo 1,700,000. Sehemu kubwa ilizolewa, lakini mafuta mengine yalizama hadi kwenye maji ya ardhini. Bakteria wakaanza kuyala. Walapo, hutoa asidi na kaboni dayoksaidi. Asidi humung'unya madini ya mawe, na chembe zenye chaji huingia majini. Maji hayo hupitisha umeme kwa urahisi zaidi. Chuma cha udongoni nacho hubadilika: huko Bemidji imeonekana magnetaiti, madini ya chuma yavutwayo na sumaku.

Darasani, tayarisha betri nne za tochi, taa ndogo ya LED, nyaya, misumari miwili na vikombe vitatu. Kimoja kitiwe mafuta ya kula, cha pili maji ya mvua, cha tatu maji ya mvua yenye chumvi. Tumbukiza misumari, bila kuiacha igusane, kwani taa itaungua. Wanafunzi waeleze taa inawaka wapi. Kisha weka ganda la yai katika maji ya ndimu: mapovu yataonyesha asidi ikila madini. Usitumie petroli wala mafuta ya taa.

Mwalimu wa Mbekenyera, wilayani Ruangwa, ana la kuongeza. Wilaya hiyo ina madini ya kinywe, ambayo hupitisha umeme kwa asili yake. Kwa hiyo kipimo cha umeme peke yake hakithibitishi kuwa mafuta yamemwagika. Sharti kwanza ardhi ya mahali ijulikane, na maji yapimwe.

Somo likamilishwe kisimani. Wanafunzi waelewe kwamba oili chafu ya pikipiki inayomwagwa karibu na kisima haipotei kwa kuwa haionekani. Huendelea kufanya kazi chini, na maji yanayonywewa na kijiji yamo humo humo.