Ridhaa kwa Niaba ya Farasi

Mgonjwa huulizwa kama anakubali kabla hajafanyiwa upasuaji. Farasi jike hana ulimi wa kujibu. Mmiliki wake ndiye atiaye saini. Jambo hili huonekana dogo mpaka mtu atazame ni nini hasa kinachokubaliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wataalamu wa Japani, Oguri na Tsutsumi, walionyesha kuwa kiinitete cha farasi chaweza kutolewa katika mji wa mimba wa jike mmoja na kutiwa katika wa mwingine bila kupasua. Nchini Argentina, jike hodari wa polo huendelea kucheza huku watoto wake wakibebwa na majike wengine. Kiinitete huoshwa kwa maji maalumu yapata siku ya 7 au ya 8 baada ya yai kupevuka, na hatari yake ni ndogo.

Kufyonza mayai ni kazi nzito zaidi. Jike hupewa dawa ya kumtuliza. Daktari hupitisha mkono katika puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, akaishika ovari na kuisogeza kwenye ukuta wa uke. Sindano ndefu, ikiongozwa na chombo cha mawimbi ya sauti, hutoboa ukuta huo na kufyonza vifuko vya mayai kimoja kimoja. Kisha, katika maabara, mbegu moja ya dume hudungwa ndani ya kila yai lililokomaa.

Ukuta wa puru ni mwembamba, na farasi ana tabia ya kujikamua kwa nguvu. Ukipasuka kabisa, kinyesi humwagika tumboni, na mara nyingi mnyama hufa. Ovari hutoka damu, kwa kawaida kidogo. Sindano yaweza pia kupeleka vijidudu vikaleta jipu katika ovari, au uvimbe wa utando wa tumbo. Madhara makubwa ni nadra. Lakini neno “nadra” halitoshi kuandikwa katika hati ya ridhaa. Mmiliki anastahili kutajiwa kila hatari kwa jina lake, na kuambiwa kwamba mayai mengi hayatazaa mtoto hata mmoja. Tena, kazi hii hurudiwa mara nyingi kwa jike yule yule. Ridhaa ya mara ya kwanza si ridhaa ya mara ya kumi.

Asiyetajwa sana ni jike mbebaji. Yeye ndiye achukuaye mimba kwa miezi 11 hivi, na hatari za kuzaa ni zake. Aghalabu ni mali ya kituo chenyewe, hivyo anayemkubalia ni yule yule apataye malipo. Hapo saini haimlindi mnyama. Hulindwa na daktari ambaye, akimwona jike anajikamua, huutoa mkono wake na kuahirisha kazi, ingawa hati imekwisha kutiwa saini.