Dawa ya mafua: kidonge kimoja, dawa tatu ndani

Kiangazi kinapofika, vumbi la Goma, Butembo na Bunia huleta makamasi na chafya karibu katika kila nyumba. Wengi hawaendi kwa daktari. Wanapita kwenye farmasi ya mtaa, wanaomba «dawa ya mafua», na wanapewa vidonge vinne vilivyokatwa kwa makasi, bila boksi wala maelezo. Hatari inaanzia hapo, kwa sababu ndani ya kidonge hicho kimoja mara nyingi mna dawa mbili au tatu.

Moja ni ya kuzuia mzio, kwa kawaida klorofeniramini. Inakausha makamasi, lakini inaleta usingizi. Nyingine ni ya kuzibua pua: pseudoefedrini au fenilefrini. Hiyo inabana mishipa midogo ya damu ndani ya pua. Lakini ikishamezwa haichagui pua peke yake. Inazunguka mwili mzima, moyo unaweza kwenda mbio na shinikizo la damu, ile tunayoita tansiyo, likapanda.

Wako wanaofikiri kwamba kwa kuwa moja inalaza na nyingine inaamsha, basi zinasawazishana. Sivyo. Motari aliyekunywa kidonge asubuhi anaweza kusinzia barabarani huku moyo wake ukipiga haraka. Akiongeza bia au kasiksi, usingizi unazidi.

Mwenye tansiyo isiyotulia au ugonjwa mkubwa wa figo asiguse pseudoefedrini. Mwanzoni mwa mwaka 2024, shirika la dawa la Umoja wa Ulaya lilithibitisha katazo hilo kwa sababu ya hatari, ingawa ni nadra, ya kudhuru mishipa ya damu ya ubongo. Ufaransa, tangu Desemba 2024, haiuzi tena vidonge hivyo bila karatasi ya daktari. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na mzee anayepata shida ya kukojoa, nao waulize kwanza.

Dawa ya tatu ni parasetamoli, na hapa watu wengi wanajikwaa bila kujua. Mgonjwa anameza kidonge cha mafua, kisha anaongeza parasetamoli kwa ajili ya kichwa. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, vile vya ndani ya dawa ya mafua vikihesabiwa pia. Kinachoharibika ni ini, na dalili huchelewa kuonekana.

Kwa watoto, tuseme wazi: siropo ya mafua si dawa ya kumlaza mtoto ili mama apumzike. Uingereza iliacha tangu 2009 kuruhusu siropo hizi kwa walio chini ya miaka 6. Tena kuna hatari ya siropo zenyewe. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Naturcold, siropo iliyopatikana Kameruni, yenye parasetamoli, fenilefrini na klorofeniramini kwenye maelezo yake. Vipimo vilikuta ndani yake sumu ya dietilini glikoli hadi asilimia 28.6, wakati kiwango kinachovumiliwa hakizidi asilimia 0.10.

Kwa hiyo omba kuona boksi kabla ya kulipa, soma majina ya dawa na tarehe ya kuisha, na mwambie muuzaji dawa zote unazotumia. Mafua ya kawaida hupona yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Maji ya chumvi ya kusafishia pua yanasaidia bila kugusa moyo. Homa ikiwepo, pima malaria. Mtoto akipumua haraka au kifua kikibonyea, au mtu mzima aliyemeza dawa hizi akipatwa ghafula na maumivu makali ya kichwa, kutapika au macho kufifia, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, pamoja na boksi la dawa.