Usalama wa kupima saketi za umeme nyumbani

Usalama wa kupima saketi za umeme nyumbani ni jumla ya taratibu anazofuata fundi ili asipigwe shoti, asiungue na asisababishe moto anapokagua nyaya, soketi, swichi na taa za nyumba. Msingi wake ni mmoja: kila saketi huhesabiwa kuwa na umeme mpaka ipimwe na kuthibitishwa kwamba haina.

Nchini Tanzania umeme wa nyumbani ni wa volti 230 na hezi 50. Mwili wenye ngozi iliyolowa maji au jasho unaweza kuwa na ukinzani wa takriban omu 1,000. Kwa hiyo mtu anayeshika waya wa moto akiwa amesimama peku kwenye sakafu yenye unyevu anaweza kupitiwa na mkondo wa takriban miliampea 230. Mkondo wa miliampea 10 hivi unatosha kukaza misuli ya mkono asiweze kuachia waya, na miliampea 50 hadi 100 zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua.

Shinyanga na Geita

Mikoa ya Shinyanga na Geita ina migodi mikubwa, kama Mwadui wa almasi, Bulyanhulu na Geita wa dhahabu, pamoja na wachimbaji wadogo wengi. Miji na vituo vya biashara kama Kahama, Kakola na Katoro vimekua pamoja na uchimbaji. Nyumba zikiongezewa vyumba, fremu za maduka au mashine za kuchomelea, saketi za awali huongezewa nyaya, na si rahisi kujua kila waya unatoka wapi. Chumba kimoja kinaweza kupata umeme kutoka saketi mbili, au hata kutoka mita ya jirani.

Katika migodi mikubwa, mtu anayetengeneza mtambo huzima chanzo cha umeme, hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe na kutundika lebo, kisha hupima kabla ya kugusa. Ufunguo hukaa naye mpaka amalize kazi. Utaratibu huohuo unafaa nyumbani.

Kuzima na kuthibitisha

1. Kuwaarifu wote waliomo nyumbani, wakiwemo wapangaji, kwamba umeme unazimwa.
2. Kuzima swichi kuu au sakiti breka ya saketi husika, kuifunga kwa kufuli ikiwezekana na kuweka kibao cha onyo. Kama ni fyuzi, fundi huichomoa na kukaa nayo mfukoni.
3. Kuzima na kutenganisha jenereta, betri na mfumo wa umeme wa jua, kwa kuwa vinaweza kurudisha umeme kwenye nyaya.
4. Kujaribu kipimo mahali panapojulikana kuwa na umeme.
5. Kupima saketi iliyozimwa: kati ya waya wa moto na nyutro, waya wa moto na ethi, kisha nyutro na ethi. Vipimo vyote vinatakiwa kuwa sifuri.
6. Kurudia hatua ya 4. Kipimo kilichokufa katikati ya kazi nacho huonyesha sifuri.

Umeme kukatika mtaani hauhesabiki kuwa umezimwa, kwa kuwa unaweza kurudi wakati wowote. Vivyo hivyo uniti za LUKU zikiisha. Pale ambapo mita iko kwenye nguzo na kibodi yake iko ndani, mtu yeyote nyumbani anaweza kuingiza namba za LUKU huku fundi yuko darini.

Swichi ya ukutani pia haitoshi. Ikiwa imefungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto, taa huzimika lakini kishikio chake hubaki na umeme.

Vifaa

Bisibisi ya testa haitoshi kuthibitisha kwamba saketi haina umeme. Taa yake huwaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini mwa fundi, hivyo inaweza isiwake akiwa amesimama juu ya ubao mkavu, au mwanga wake usionekane juani. Kipimo cha ncha mbili hutegemewa zaidi.

Multimeta hutakiwa kuwa na nyaya zisizochubuka na daraja la usalama linalolingana na kazi. Kwa ubao wa sakiti breka ni CAT III. Kuiweka kwenye ampea na kugusisha ncha zake kwenye waya wa moto na nyutro husababisha shoti inayoweza kulipua kifaa. Ukinzani hupimwa kwenye saketi isiyo na umeme tu.

Ganda la nyaya hupimwa kwa kipimo maalumu cha volti 500, baada ya kuchomoa vyombo vyote, na matokeo hayatakiwi kuwa chini ya megaomu 1. Kazi hizi hazifanywi wakati wa radi.

Mipaka ya kazi

Mwenye nyumba anaweza kuangalia soketi iliyoungua au kubonyeza kitufe cha majaribio cha swichi ya kinga dhidi ya umeme unaovuja. Kufungua ubao na kupima nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mita, lakiri yake na waya unaotoka kwenye nguzo ni vya TANESCO. Kuzima swichi kuu hakuondoi umeme kwenye waya huo.

Mtu akipigwa shoti

Asiguswe kabla umeme haujazimwa. Ikishindikana kuzima umeme wa nyumbani, hutenganishwa na waya kwa mti mkavu. Kama hana fahamu na hapumui kawaida, msaada huitwa na kifua chake hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika mpaka msaada ufike. Hata akizinduka, hupelekwa hospitali, kwa kuwa moyo unaweza kuwa umeathirika.