Tiba ya hipnosisi na ngoma ya Uswezi

Hipnosisi ni hali ambayo akili hutulia kwenye jambo moja, mengine yote yakasogea pembeni, na mtu akawa mwepesi wa kupokea maneno ya mtabibu. Si usingizi: mgonjwa husikia, hujibu, na huweza kukataa asichokitaka. Jina hilo lilienezwa miaka ya 1840 na James Braid, daktari wa Manchester. Mwaka 1955 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilikubali kwamba ina nafasi katika tiba.

Mtabibu humkalisha mgonjwa, akamwambia akazie macho nukta moja ukutani na kuvuta pumzi taratibu. Kwa sauti ya upole humweleza kwamba mkono wake unazidi kuwa mwepesi na unainuka wenyewe. Ukishainuka, ndipo hufuata maneno ya tiba yenyewe: maumivu yapungue, hofu ya sindano itulie, tumbo linalosokota kwa wasiwasi lilegee.

Usukumani, nchini Tanzania, yapo matibabu yanayokaribiana na hayo. Katika chama cha Baswezi, ambacho Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1955, ngoma hupigwa kwa mapigo yanayojirudia na vibuyu vyenye mbegu hutikiswa mpaka mgonjwa apandishe pepo. Hapo huaminika kwamba pepo ndiye anayesema, na ndugu na wanachama husikiliza madai yake. Tofauti ni kubwa: hipnosisi kwa kawaida hufanywa na watu wawili kwa utulivu, Uswezi hufanywa na kundi kwa kishindo. Lakini zote mbili husimama juu ya umakini, matarajio na imani ya mgonjwa kwa anayemtibu.

Nguvu ya imani na umakini huo ina mipaka. Haiui vimelea vya malaria wala haiungi mfupa, na kwa mtu anayeona au kusikia yasiyokuwepo, hipnosisi inaweza kuzidisha matatizo. Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusajili waganga. Mganga mwema hujua wakati wa kumwachia daktari. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mgonjwa wa Sengerema halazimiki tena kusubiri kivuko ili afike Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, hivyo kuchelewa kumpeleka kumekosa kisingizio.