Sinki na Bilula: Kipimo Kianzie kwenye Sufuria

Kabla ya sinki kuingia katika majumba yetu ya pwani, chombo cha kuoshea kilifuata ukubwa wa kile kilichooshwa: sahani na vikombe vilitiwa katika beseni dogo, sufuria ya wali ilitafutiwa karai, na masinia ya shughuli, ambayo hayakuenea katika karai lolote, yalisuguliwa uani kwa makumbi na majivu, mwenye kuosha akiwa ameketi juu ya kibao na maji yakienda zake mchangani. Sinki limeiondoa hiari hiyo. Likishakatiwa nafasi yake katika slabu, likaunganishwa na bomba la majitaka na kuzungushiwa vigae, mwenye nyumba hana budi kuishi nalo miaka mingi, liwe linamfaa au linamuudhi. Na ndiyo sababu anayetaka kulinunua asianzie dukani, bali aanzie kwenye rafu za jikoni mwake, atwae utepe, na apime kipenyo cha sufuria iliyo kubwa kupita zote anazozitumia walau mara moja kwa juma.

Vipimo vya dukani huhadaa, kwa maana muuzaji hutaja urefu wa sinki zima, kingo na bapa la kuchuruzia vyombo vikiwamo, ilhali panapooshewa ni katika bakuli peke yake. Sinki la mabakuli mawili lenye urefu wa sentimita 80, ukishaondoa kingo na ukuta wa katikati, humwachia mtu mabakuli ya sentimita 34 au 35 hivi kila moja. Na sufuria yenye kipenyo cha sentimita 40, ambayo si kubwa kwa aila inayopika pilau siku ya Ijumaa na kupokea wageni bila ya taarifa, haitalala humo hata ikibembelezwa, bali itakaa mshazari, nusu ndani na nusu nje, maji yakimwagikia kifua cha mtu na sakafu pamoja. Kwa jiko kama hilo, ijapokuwa najua kwamba mabakuli mawili huhesabiwa kuwa ni heshima ya nyumba, mimi hulipendelea bakuli moja pana, la sentimita 50 kwa 40 au zaidi, pamoja na beseni la plastiki la kusuuzia litakaloingia na kutoka kwa haja.

Beseni hilo lina faida ya pili. Bakuli la vipimo hivyo, likiwa na kina cha sentimita 20, hubeba lita 40 likijaa pomoni, yaani ndoo mbili nzima, na katika mtaa ambao maji yake huja kwa mgao hapana mwenye akili atakayelijaza kwa ajili ya vikombe sita. Ataosha katika beseni, na sinki litapokea maji machafu. Wanaoishi wawili au watatu, ambao chombo chao kikubwa ni kikaango, mabakuli mawili yatawafaa vizuri.

Baada ya sufuria, kabati. Kabati lenye upana wa sentimita 60 kwa nje halipokei bakuli la sentimita 60, maana mbao za ubavuni na vibano vya kulishikia sinki navyo vinadai nafasi. 50 hivi ndicho kikomo cha salama. Lakini kipimo kinachosahauliwa kuliko vyote ni kina, nacho huadhibu mgongo. Kaunta ikiwa na kimo cha sentimita 85, na bakuli likiwa na kina cha 25, sakafu ya sinki iko sentimita 60 tu kutoka chini, na mtu mrefu atakayeosha humo vyombo vya chakula cha usiku atalala na kiuno chake kikimshtaki. Walakini bakuli la kina cha 15 hurusha maji kila yanapogonga sahani. Kati ya 18 na 20 aghalabu ndipo pa kutua. Mwenye kuosha na asimame mbele ya kaunta kabla haijakatwa, ashushe mikono yake, apime viganja vitafika wapi. Nami nasema mwenye kuosha kwa makusudi, kwa kuwa katika nyumba nyingi anayelipa na anayeosha si mtu mmoja.

Mintarafu ya kitu lilichofanyiwa sinki, lile la saruji na vigae linalojengwa na mwashi papo hapo halistahili kudharauliwa, kwani hujengwa kwa kadiri ya sufuria, ila maungio ya vigae vyake hushika weusi usiotoka. Wengi hununua la chuma kisichoshika kutu, chuma ambacho Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alikifikia mwaka 1913 alipokuwa akitafuta madini ya mitutu ya bunduki isiyolika upesi. Namba ya kuulizia dukani ni 304, ambayo ina takriban asilimia 18 ya kromi na 8 ya nikeli, na ndiyo inayostahimili hewa ya chumvi kuliko zile za bei nafuu. Wauzaji hupenda kuweka sumaku juu ya sinki na kusema kwamba halinasi, basi ni safi. Hoja hiyo ni nusu ya kweli, maana chuma cha namba 201, kilichopunguzwa nikeli, nacho aghalabu hakinasi sumaku, ilhali hupata madoa ya kutu mapema. Dalili iliyo wazi zaidi ni unene: bati la milimita 0.6 hubonyea kwa kidole gumba na hulia kila bomba likifunguliwa, la milimita 1 hutulia. Hata lililo bora halitaki kulazwa na dawa ya kung'arishia nguo, wala kusuguliwa kwa steliwaya ya chuma, ambayo huacha chembe zake nazo zikapata kutu juu ya sinki lisilo na hatia.

Sasa bilula, ambayo mafundi huiita koki. Hii huchaguliwa kwa kimo cha tangi. Kila mita 1 ya kimo kati ya maji ya tangini na bilula huzaa msukumo wa sehemu 1 hivi ya 10 ya bar, kwa hivyo tangi lililo mita 3 juu hutoa bar 0.3 basi, na bilula nyingi za mkono mmoja zinazotoka Ulaya zimekusudiwa msukumo wa bar 1 au karibu yake. Ukizifunga chini ya tangi la darini, maji hutoka kwa unyonge, na mwenye nyumba humlaumu fundi. Bilula hizo zina asili ya haki: Mmarekani Al Moen, akiwa mwanafunzi mwaka 1937, aliunguzwa mikono na maji ya moto, akaanza kubuni bilula ya kuchanganya moto na baridi kwa mkono mmoja, nayo ikauzwa mwaka 1947. Lakini majiko mengi ya pwani hayana bomba la maji ya moto hata kidogo, na kununua mchanganyo wa kitu kimoja ni israfu. Bilula ya maji baridi tu, ya shaba, nzito mkononi, yenye shingo ndefu inayozunguka, ndiyo inayotosha.

Shingo hiyo ipimwe kwa ndoo: mdomo wake uwe na nafasi ya kutosha juu ya sakafu ya bakuli kwa ndoo ya lita 20 kusimama, na maji yaangukie karibu na tundu la kutolea, si ukingoni. Mwenye kisima katika ardhi ya matumbawe ategemee ukoko mweupe kwenye kichujio cha mdomoni. Akifungue mara kwa mara, akiloweke katika siki. Na kwa kuwa bilula inayotoa lita 6 kwa dakika humwaga ndoo tatu katika dakika 10, mkono wake uwe mwepesi kufungwa hata kwa kiwiko chenye povu.

Kabla fundi hajalipwa, adaiwe vali ya kufungia maji chini ya sinki, na mpindo wa bomba la majitaka unaobaki na maji ili kuzuia harufu na mende. Kisha bakuli lijazwe hadi ukingoni, kizibo kitolewe kwa ghafula, na gazeti kavu litandikwe kabatini chini ya maungio yote. Likiloa hata tone moja, nati zikazwe upya siku ile ile, fundi akiwa bado yupo.